Kijiti Kisicho na Kivuli

Wajukuu zangu, kabla sijaanza kusimulia nina kazi moja kwenu. Tafuteni kijiti kilichonyooka, urefu wa mkono mmoja, mkakichomeke mchangani pale dikoni Mkokotoni, mahali ambapo wachukuzi wa samaki hawatakikanyaga. Kisimame wima sawasawa. Iwe tarehe 8 Oktoba, au siku moja kabla au baada yake. Kisha kaeni mkingoje mchana. Kivuli kitajikunja, kitakuwa kama kidole, kitakuwa kama ukucha, na ikifika saa sita na dakika kumi hivi hamtakiona tena. Kijiti kipo, jua lipo, kivuli hakipo.

Siku hiyo jua liko utosini hasa. Mkokotoni yetu iko karibu nyuzi 6 kusini ya ikweta, na jua, ambalo miezi yote ya kipupwe lilikuwa upande wa kaskazini, sasa linavuka juu ya mapaa yetu linakwenda kusini. Litafika mpaka juu ya Msumbiji na Bukini mwishoni mwa Disemba, ligeuke, kisha lipite tena hapa mwanzoni mwa Machi, tarehe 5 hivi. Linapita juu yetu mara mbili kwa mwaka, na ndiyo maana tukapata mvua mbili, vuli na masika.

Jua likiwa utosini huipasha moto bahari na ardhi iliyo chini yake. Hewa ya moto hupanda. Ikipanda, hewa nyengine hukimbia kutoka kaskazini na kutoka kusini kuja kujaza nafasi, na zinapokutana nazo hazina pa kwenda ila juu, na mvuke wake wa bahari. Huko juu hupoa, mvuke hugeuka mawingu. Mkanda huo wa mawingu umeizunguka dunia nzima, na wataalamu wetu huuita ukanda mvua. Hulifuata jua kama mbuzi anavyomfuata mwenye majani mkononi, ila hubaki nyuma kidogo. Jua hutangulia, mvua huja wiki kadhaa baadaye. Kwa hiyo kijiti kikipoteza kivuli, msikimbilie kuanua dagaa.

Sasa uliangalieni tanga la mashua yoyote inayotoka hapa kwenda kisiwani Tumbatu. Tangu mwezi wa nne au wa tano lilikuwa limejaa upepo wa kusi. Kusi huvuma kwa sababu bara la Asia wakati huo lina joto kali, hewa yake inapanda, na inavuta upepo kutoka huku kwetu kusini. Ikifika Disemba Asia imepoa, hewa yake imekuwa nzito, inasukuma upepo kuja huku, nao ndio kaskazi. Wazee waliujenga mwaka mzima juu ya pepo hizi mbili. Hata neno lenyewe, msimu, limetoka kwenye Kiarabu, mausim, wakati maalumu wa jambo. Wareno walilisikia kwa mabaharia wa bahari hii wakalifanya monção, na kutoka kwao limekwenda ulimwenguni kote kuwa jina la pepo zetu.

Wareno walilichukua neno kabla hawajaijua maana yake vizuri, na walilipa. Mwaka 1498, mwezi wa Aprili, Vasco da Gama aliondoka Malindi akiwa na rubani aliyepewa pale pale, mtu aliyeijua njia. Kusi ndiyo kwanza inaanza. Walivuka bahari mpaka India kwa siku zisizotimia mwezi. Kurudi, hakusubiri. Aliondoka India mwanzoni mwa Oktoba, kabla kaskazi haijaingia, na bahari ikamshika. Shwari, upepo wa mbele, shwari tena, karibu miezi mitatu. Mabaharia wake walikufa kwa ugonjwa wa fizi hata hawakubaki wa kutosha kuendesha merikebu zote, na moja ilibidi ichomwe moto. Mtoto yeyote wa nahodha wa Tumbatu angemwambia: bwana, ngoja Disemba.

Mwezi huo wa Oktoba aliouchagua vibaya ndio huu tunaouzungumza. Kusi imekwisha nguvu, kaskazi haijafika. Wazee huita kipindi hiki tangambili, kwa kuwa chombo chaweza kutweka kwenda upande wowote. Asubuhi mapema huvuma umande kutoka bara, mwepesi, una harufu ya moshi na majani. Jua likipanda huja matlai kutoka mashariki. Jioni huenda kusiwe na kitu kabisa, maji yakawa kama kioo baina yetu na Tumbatu, ukaona popo wakipita juu na vivuli vyao majini. Ni wakati mzuri. Ni wakati wa kuangalia sana vilevile, na nitawaambia kwa nini.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa kwenye mashua tunakwenda harusini Jongowe, upande wa kusini wa Tumbatu, wanawake tumevaa kanga mpya, sufuria katikati, na watoto tumepangwa kwenye mbao kama mihogo. Ilikuwa Novemba, mchana, bahari imetulia hata nahodha alikuwa akilalamika. Upande wa Unguja, juu ya minazi, kulikuwa na wingu moja limesimama kama mnara, chini jeusi, juu jeupe limetandazika. Hakuna aliyelijali. Mvua yake tuliiona ikianguka mbali, pazia la kijivu. Halafu nikasikia baridi usoni. Sisi hatukuwa na mvua hata tone, jua lilikuwa bado linatuchoma mgongoni, lakini usoni ilikuwa kama mtu amefungua mlango wa kisima. Nahodha hakusema neno. Aliruka na kuliteremsha tanga, foromali ikashuka kwa kishindo juu ya sufuria zetu, na mama mmoja akaanza kumgombeza. Hakumaliza. Upepo ulifika kabla hajafunga mdomo, ukatugeuza kama jani, maji yakaingia, tukawa tunayachota kwa kata, kwa sufuria, kwa mikono. Ulidumu kitambo cha kuchemsha chai. Kisha mvua, kisha shwari. Harusini tulifika tumeroa, tukaimba vilevile.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelezwa kile alichokijua nahodha yule. Mvua inapoanguka ndani ya wingu kubwa huipoza hewa iliyo pembeni yake. Hewa ya baridi ni nzito, basi huanguka nayo, kwa kasi, mpaka ikapiga ardhi au maji. Ikishapiga haiwezi kuendelea chini, hutawanyika pembeni kila upande, kama maji ya ndoo uliyoimwaga sakafuni. Ule ubaridi usoni ndio ukingo wa hayo maji ya ndoo. Hutangulia mvua kwa dakika chache tu. Mkiwa kwenye chombo, siku ya shwari ya vuli, mkasikia baridi na mvua bado iko mbali, mwambieni mwenye usukani hapo hapo. Msione haya kwamba ninyi ni watoto.

Na hewa hiyo hiyo inayoanguka ndiyo inayowatia hofu marubani. Twendeni Kiembesamaki, kwenye Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume. Njia ya kurukia pale imelala kaskazini na kusini. Ncha ya kusini imeandikwa 36 kwa tarakimu kubwa nyeupe, maana anayeanzia hapo anaelekea nyuzi 360, yaani kaskazini. Ncha ya kaskazini imeandikwa 18, nyuzi 180, kusini. Ndege huruka na kutua ikiukabili upepo, kama membe. Mtazameni membe pwani, huugeukia upepo kwanza ndipo afungue mbawa. Kwa hiyo wakati wa kusi ndege nyingi hupita kwa upande mmoja, wakati wa kaskazi kwa upande wa pili, na njia ile ya lami inafuata pepo zile zile za majahazi. Mimi nikiliona jambo hili hufurahi sana, wala sijachoka kulisimulia. Shida ni matlai. Huo hutoka mashariki, ukaipiga ndege ubavuni, na rubani hulazimika kuijua nguvu yake kabla hajashuka.

Ndiyo maana uwanjani kuna watu ambao kazi yao ni kuitazama mbingu usiku na mchana, wakaandika waliyoyaona kwa maneno mafupi ambayo rubani wa nchi yoyote anayasoma. Tuseme mmeona imeandikwa 09008KT. Tarakimu tatu za mwanzo ni upande upepo unakotoka, 090, mashariki tupu. Mbili zinazofuata ni kasi, noti 8. Noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa, basi huu ni upepo wa kilomita kama 15 kwa saa, matlai ya kawaida. Baada ya hapo huandikwa mtu anaona umbali gani, mawingu yako kimo gani, joto, na mgandamizo wa hewa. Zikitokea herufi CB, hilo ni wingu la radi, ndugu wa lile lililotukuta tukienda Jongowe. Kilele chake huweza kufika kilomita 15 juu. Ndege ndogo zinazokwenda Pemba hulizunguka au hungoja litoke njiani.

Kungoja huko abiria wengi hukukasirikia. Wakumbuke Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022, ndani ya vuli, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria ikikaribia kutua, asubuhi ambayo hali ya hewa ilikuwa mbaya. Watu 19 walifariki. Ishirini na wanne waliokoka, na wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao.

Hayo ni mambo ya saa moja, ya nusu saa. Msimu mzima ni habari nyengine, nayo huanza kusemwa mapema. Kila mwaka, kwenye mwisho wa Agosti, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutangaza mwelekeo wa mvua za vuli kuanzia Oktoba mpaka Disemba. Siku hizo hizo wataalamu wa nchi 11 za Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika huwa wanakutana kwa mwito wa ICPAC, kituo kilichoko Kenya, kulinganisha mahesabu yao. Redioni mtasikia maneno kama “wastani hadi chini ya wastani”, na watu wazima wataanza kubishana barazani. Chukueni komwe za bao niwaonesheni maana yake, ili mkibishana mbishane kwa kujua.

Hesabuni komwe 30. Kila moja ni vuli ya mwaka mmoja, tangu 1991 mpaka 2020, miaka ambayo dunia sasa inaitumia kuwa kipimo. Zipangeni mstari, vuli kavu kuliko zote mwanzo, iliyonyesha kuliko zote mwisho. Kisha zigaweni mafungu matatu, kumi kumi. Fungu la kwanza ndilo chini ya wastani, la kati ndilo wastani, la mwisho ni juu ya wastani. Mtu asiyejua lolote akifumba macho na kuchota komwe moja, nafasi ni sawa kwa mafungu yote. Kazi ya mtabiri ni kuichungulia bahari akaongeza komwe fungu moja na kupunguza jengine. Kwa mfano tu, akisema nafasi ni 45 kwa 100 kuwa juu ya wastani, 35 kuwa wastani, na 20 chini yake, ametwambia fungu gani limejaa. Hajatwambia komwe ipi itatoka. Vuli ikija kavu baada ya maneno hayo, hakusema uongo, kwa sababu zile 20 alizitaja. Ni hizo 20 ambazo baraza huzisahau. Ikatoka kavu wakamwita mtabiri muongo, na mwaka unaofuata wasimsikilize, hata pale alipokuwa na la kuwaokoa.

Mwaka 2015 nao ulikuja tofauti na matarajio. Bahari ya Pasifiki ilipata El Niño, yaani hali ya maji yake kuwa na joto kupita kawaida, yenye nguvu kama ile ya 1997, na kila aliyeikumbuka 1997 alijiandaa. Vuli ya 1997 ilikuwa mafuriko Afrika Mashariki yote. Mvua ya 2015 ilikuja, lakini sehemu nyingi haikufikia ile. Kwa nini? Kwa sababu Pasifiki iko mbali, na sisi tuna bahari yetu.

Leteni karai la maji, mlipulizie kwa upande mmoja. Maji ya juu yanasogea, yanalundikana upande wa pili. Bahari ya Hindi ni karai kubwa. Miaka mingi pepo za ikweta huyasukuma maji ya moto ya juu yaende mashariki, kule Sumatra, na mvua nyingi hunyesha huko. Mwaka mwengine pepo zinageuka. Maji ya moto yanalundikana kwetu, kule Sumatra yanapoa, na mvua inahamia huku. Wataalamu huiita hali hii dipoli ya Bahari ya Hindi, na walioipa jina na kuieleza, Saji na wenzake, waliandika mwaka 1999 tu. Fikirini, bahari ambayo vyombo vimeivuka zaidi ya miaka elfu, na siri yake hii imeandikwa juzi. Mwaka 2019 dipoli ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu zaidi kuwahi kupimwa, na vuli ile iliizamisha Afrika Mashariki pasipo El Niño kubwa. Kwa hiyo mkisikia watu wanataja El Niño peke yake, waulizeni: na bahari yetu je, maji ya moto yako upande gani?

Shambani swali ni jengine kabisa. Mama anayelima Kibokwa hataki kujua kilele cha wingu kiko kimo gani. Anataka kujua mvua itaanza lini, na ikianza itakatika? Maana mvua ya kwanza humdanganya mkulima. Inanyesha siku tatu, anapanda, mbegu inachipua, halafu jua kali wiki mbili, na kila alichopanda kimekufa. Jumla ya mvua ya msimu yaweza kuwa wastani na shamba likawa tupu vilevile. Ndiyo maana nawaomba mkisoma mwelekeo msiishie kwenye fungu la komwe. Someni mpaka pale wanapotaja mwanzo wa mvua, mtawanyiko wake, na vipindi virefu vya ukavu. Kwa mkulima, hapo ndipo penye chakula. Na mwanika dagaa anaisoma karatasi hiyo hiyo kinyumenyume: ukavu anaouogopa mama wa Kibokwa, yeye anauomba, kwa sababu dagaa aliyenyeshewa chaniani hana mnunuzi.

Na wa baharini? Kwake msimu ni mazungumzo tu, siku ndiyo inayoua. TMA hutoa maonyo kwa rangi, myajue kama mnavyojua majina yenu. Njano ni angalizo. Machungwa ni tahadhari. Nyekundu ni tahadhari kubwa. Mara nyingi mtasikia upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Mita 2 ni mlango wa nyumba yenu. Hapa Mkokotoni Tumbatu inatukinga, maji yanaonekana ya upole, na mtu husema wamekosea. Lakini mkondo wa Nungwi hauna Tumbatu mbele yake. Onyo husemwa kwa ajili ya yule atakayetoka nje ya kinga.

Kulikuwa na siku ambayo hakuna aliyesema kitu. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Vimbunga huku kwetu ni nadra, kwa kuwa karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauzipindishi pepo kwa nguvu ya kutosha, basi hakuna aliyekuwa akikingoja. Kiliing’oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja, na merikebu za Sultan Barghash zikazama bandarini. Pemba ilisalimika, na tangu hapo ukitaja karafuu unaitaja Pemba. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuja kutoka baharini. Mara hii kilitangazwa kabla hakijafika, siku baada ya siku, kilipo na kinakoelekea. Boti za abiria baina ya Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa. Tarehe 4 Mei kilifika Mafia, na wavuvi wengi walikuwa nchi kavu, wakiisikiliza redio.

Basi kazi yenu ya pili. Tafuteni kopo lililonyooka pembeni, lisilo na shingo, mliweke uwanjani mbali na paa na mti, mlizungushie mawe lisipinduke. Kila siku saa tatu asubuhi chomekeni rula mpime maji, mwandike, mmwage. Milimita moja koponi ni lita moja ya maji kwa kila mita moja ya mraba ya shamba. Siku isiyo na mvua andikeni sifuri, msiiruke. Pembeni andikeni upepo ulitoka wapi asubuhi na wapi mchana, umande au matlai, na siku ya kwanza mtakayoisikia kaskazi. Anzeni tarehe 1 Oktoba. Siku ya mwisho ya Disemba leteni madaftari hapa barazani, na mimi nitakuja na ule ubao wa bao na komwe moja zaidi, ya vuli yenu.